Manong, Yaani Kaka

Anayetafsiri hadithi fupi za Wafilipino waliohamia Marekani hafiki mbali kabla ya kukwama kwenye neno manong. Ni neno la Kiilokano, lugha ya Ilocos, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, na huko kwao maana yake haina utata: kaka, aliyekutangulia kuzaliwa. Dada mkubwa ni manang. Wengi huyanasibisha maneno haya na hermano na hermana ya Kihispania. Lakini ndani ya hadithi, anayeitwa manong mara nyingi ni mtu mzima sana. Mgongo umepinda kwa kuvuna letusi California, au mikono imeharibika katika viwanda vya kusindika samaki vya Alaska, na anaishi peke yake katika chumba cha kupanga. Mkono wa mfasiri unakimbilia "mzee". Mimi mwenyewe niliandika "mzee", nikaisoma sentensi, ikakaa vizuri. Kisha nikalifuta.

Nililifuta kwa sababu mzee kwetu ni mtu aliyezungukwa. Ukisema "Mzee Fulani" unauona mji wake, watoto wake, mwanamke wa kumkumbusha dawa, mjukuu anayetumwa dukani. "Babu" ndiyo kabisa, hakuna babu bila wajukuu. Manong hana hao. Alifika akiwa kijana, akakusudia kukaa miaka michache, na miaka ikampita akiwa kaka tu.

Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Mwaka 1930 Wafilipino wa Marekani bara walikuwa kama 45,000, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wanaume. Wangeoa wapi? Sheria ya California ilikataza ndoa kati ya Mzungu na mtu mweusi au Mmongolia. Salvador Roldan, aliyetaka kumwoa mwanamke wa Kiingereza, alikwenda mahakamani akasema: mimi si Mmongolia, mimi ni Mmalei, na Wamalei hawamo katika sheria hii. Mwaka 1933 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye. Mwaka huohuo bunge la jimbo likaliingiza neno "Mmalei" kwenye sheria, na mlango ukafungwa tena hadi 1948, Mahakama Kuu ya California ilipolibatilisha katazo lote. Sisi tunaopenda istilahi huwa tunabishana kuhusu neno lipi linapendeza zaidi. Hapa neno moja lililoongezwa kwenye orodha liliwanyima watu ndoa kwa miaka 15.

Na kuna neno jingine ambalo bado linanishinda: national. Marekani ilipoichukua Ufilipino mwaka 1898 na kuilipa Hispania dola milioni 20, wenyeji wa visiwa hivyo walipewa hadhi isiyo ya raia wala ya mgeni. Waliingia Marekani kwa uhuru, chini ya bendera yake, ila hawakuwa na kura. "Mtu wa himaya" linakaribia, lakini halifiki. Kisha sheria ya 1934, ileile iliyoahidi uhuru wa Ufilipino, ikawageuza kuwa wageni, na nafasi za kuingia zikawa 50 kwa mwaka. Msichana aliyeachwa Ilocos akabaki Ilocos.

Ukiyajua haya, hadithi zinasomeka upya. Mwandishi Carlos Bulosan alishuka Seattle mwaka 1930 na kufa katika mji huohuo mwaka 1956. Katika hadithi yake ya mapenzi ya Magno Rubio, kibarua wa shambani asiyejua kuandika anampenda mwanamke wa Kizungu aliyempata kupitia gazeti la wanaotafuta wachumba. Anamlipa mwenzake wa kambini amwandikie barua, na jasho lake lote linaishia kwenye zawadi za mtu asiyewahi kumwona. Msomaji asiyejua sheria ile ya ndoa atamwona Magno mjinga. Anayeijua ataona kwamba barua ndiyo nyumba pekee aliyoweza kujenga.

Bienvenido Santos ndiye aliyewasikiliza watu hawa kwa karibu kuliko wote. Alikwenda Marekani kusoma mwaka 1941, vita vikamzuia kurudi, akawa anazunguka kutoa mihadhara kuhusu nchi yake. Katika hadithi yake ya harufu ya matufaha, mkulima aitwaye Celestino Fabia anasafiri kutoka mbali hadi Kalamazoo, Michigan, kumsikiliza Mfilipino mwenzake. Fabia ana mke Mzungu na mtoto wa kiume, maana Michigan sheria haikumzuia. Hata hivyo, nyumbani kwake kuna picha iliyofifia ya mwanamke wa Kifilipino aliyevaa nguo za kwao, na sura haionekani tena. Si mama yake, si dada yake, wala hamjui ni nani. Ni picha aliyoiokota Chicago, akaitunza.

Katika hadithi nyingine ya Santos, Filemon, mtu wa miaka hamsini, anakwenda kuwalaki vijana wacheza ngoma waliotoka Ufilipino kuja Chicago. Amepanga kuwakaribisha nyumbani, awapikie adobo. Vijana wanamkwepa. Anaambulia kurekodi muziki, makofi na vishindo vya miguu yao kwa kinasa sauti chake. Usiku, anapousikiliza mkanda, anabonyeza kitufe kisicho sahihi, na sauti zote zinafutika. Jaribu kuweka "babu" katika hadithi hiyo. Machungu yanapotea, kwa sababu wale vijana ndio watoto ambao Filemon hakuwapata.

Kizazi kilichofuata ndicho kilichonipa jibu. Tarehe 4 Agosti 1977 polisi wa San Francisco waliwatoa kwa nguvu wapangaji wa International Hotel, wengi wao Wafilipino waliokwisha kuzeeka. Vijana waliojipanga kuwazuia polisi, wengine wao wamezaliwa Marekani na umri wao ni wa wajukuu, hawakuwaita babu. Waliwaita manong. Lysley Tenorio, aliyezaliwa Ufilipino na kukulia California, aliuandika usiku huo katika mkusanyiko wake wa mwaka 2012, Monstress, kupitia marafiki wawili, Vicente na Fortunado. Fortunado anampenda Vicente upendo ambao hakuwahi kupata mahali pa kuusema. Ndoa ilikuwa mbali nao kwa njia zaidi ya moja.

Kiswahili hakijapungukiwa. Lubumbashi wangesema "yaya", nalo lingefaa sana, ila Dar es Salaam na Nairobi msomaji angemwona mlezi wa watoto, na Manila vilevile, kwani huko pia yaya ni mlezi. Tuna "kaka", linalosikika kama ndugu wa kakak ya Kimalei, ingawa sidai kwamba ni damu moja. Ni neno ambalo kila mtu analielewa, lina heshima ndani yake, na halimzulii mtu wajukuu.

Basi wewe utakayezitafsiri hadithi hizi, nakuomba: mhusika akiwa na miaka themanini, mvi zimejaa kichwani, na kijana anamwita manong, andika kaka.