Ua la Usambara: jani moja linatosha



Leo naomba tuyaweke kando mahindi na iliki. Nataka nikusimulie historia ya ua dogo la misitu yetu ya Usambara, kisha nikuonyeshe namna ya kulikuza nyumbani bila kuharibu kule linakotoka.

Wakati wa vuli iliyopita, kijana mmoja anayeuza matunda barabarani alinifuata ofisini akiwa na gunia. Ndani mlikuwa na mimea zaidi ya 30, majani yake ya mviringo yenye vinyweleo, maua ya zambarau, mizizi bado imeshikana na ule utando wa kijani unaoota kwenye mawe mabichi. Alikuwa ameing'oa siku mbili kabla, kwenye mwamba wa msituni. "Shikamoo afisa," aliniambia. "Nasikia Wazungu wanalipenda sana ua hili. Soko lake liko wapi?"

Nilipotazama vizuri, nusu ya mimea ilikuwa imeanza kuoza moyo. Nilimketisha, nikamweleza haya ninayokueleza wewe.

LILIVYOONDOKA TANGA

Wenyeji wa milima hii walikuwa wakiliona ua hili kwenye nyufa za miamba miaka yote. Mgeni wa kwanza kulichukua hakuwa Mjerumani. Mwaka 1884 John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza kule Zanzibar, alipeleka mmea uliokaushwa kwenye bustani ya Kew, London. Mmea ule haukutosha wataalamu kuutambua na kuupa jina, ukabaki kabatini.

Mwaka 1892 mambo yakabadilika. Mkuu wa wilaya wa Kijerumani aliyekaa Tanga, Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua hili kwenye miamba yenye kivuli karibu na Tanga, na pia juu zaidi katika msitu wa Usambara. Akamtumia baba yake Ujerumani, mzee aliyependa sana mimea. Baba akalifikisha kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen mjini Hannover. Safari hii lilikuwa hai, likachanua. Mwaka 1893 Wendland akalipa jina la kitaalamu, Saintpaulia ionantha. Sehemu ya kwanza ni heshima kwa familia ya baroni. Ya pili, kwa Kigiriki, ina maana ya lenye maua kama urujuani.

Mwaka huohuo lilionyeshwa Ghent, Ubelgiji, kwenye maonyesho makubwa ya maua. Kampuni ya mbegu ya Ernst Benary ya mji wa Erfurt ikaanza kuuza mbegu zake. Hadi leo Wajerumani wanaliita Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara. Kwa hiyo bibi wa Berlin ambaye hajawahi kufika Afrika anaweza kulitaja jina la milima yako kila anapomwagilia chungu chake cha dirishani.

LILIVYOENEA DUNIANI

Miaka ya 1920 kampuni ya Armacost & Royston ya Los Angeles, Marekani, iliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza. Kati ya miche mingi iliyoota walichagua 10 bora, wakaipa majina na kuisambaza. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hili nchini Marekani waliunda chama chao. Leo aina zilizozalishwa na kuandikishwa ni maelfu: nyeupe, za waridi, zenye maua ya kukunjana, hata ndogo za kukaa kwenye kikombe.

Kwa nini ua hili, na si mengine ya milimani? Kwanza ni kivuli. Kwenye mwamba chini ya miti mikubwa limezoea mwanga hafifu na joto lisilopanda wala kushuka sana. Sebule ya nyumba ya mjini inafanana na hali hiyo. Baadaye, taa za mirija zilipoenea, watu walilikuza hata kwenye vyumba vya chini visivyo na madirisha.

Pili, na hapa nataka unisikilize kwa makini: jani lake moja, likichomekwa kwenye udongo, linazaa mimea mipya kadhaa inayofanana na mama yake. Mkulima wa Ulaya hakuwa na haja ya kurudi Usambara kung'oa tena. Sehemu kubwa ya biashara ile ya dunia imejengwa juu ya mimea michache iliyoondoka hapa zaidi ya miaka 130 iliyopita, pamoja na mbegu, majani na uvumilivu.

Na sisi tulipata nini? Kwa ukweli, sifa ya jina tu. Mwaka 1992, miaka 100 kamili baada ya baroni, mataifa yaliweka mkataba mjini Rio de Janeiro kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya viumbe hai vyake, na faida itokanayo igawanywe kwa haki. Lakini mkataba huo haurudi nyuma kwa kilichoondoka 1892. Inauma, najua. Ila usitulize uchungu huo kwa kumaliza kile kilichobaki.

KWA NINI LINAPUNGUA

Ua hili halioti kila mahali. Linataka mwamba, unyevu na kivuli kwa pamoja. Ukikata mti mkubwa ulio juu ya mwamba, jua linaingia, utando wa kijani unakauka, na ua linafuata. Tumefyeka msitu kwa ajili ya mashamba, mbao na mkaa. Hata kilimo cha iliki chini ya miti, ambacho tulikiona hakina madhara, kinahitaji kufyekwa kwa mimea yote ya chini na kupunguzwa kwa kivuli.

Ndugu zake wengine wako kwenye kilima kimoja kimoja. Upande wa Kenya, kwenye milima ya Taita, kuna aina isiyopatikana kwingine kokote duniani. Gunia moja kama lile la kijana wangu linaweza kumaliza mwamba mzima. Isitoshe, kuchukua mmea ndani ya hifadhi kama Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, au katika msitu wowote wa hifadhi bila kibali ni kosa. Utapoteza faini kuliko utakachouza.

Nilimwambia apeleke iliyokuwa bado hai kwa watu wa hifadhi na aseme ukweli alikoitoa. Akasita, lakini alikwenda. Kisha nikampa majani 3 kutoka chungu changu mwenyewe.

NAMNA YA KULIKUZA NYUMBANI

1. Tafuta jani kwa jirani, shuleni, au kwa muuza maua mwenye chungu. Chagua la mzunguko wa katikati. La nje limezeeka, na la moyoni bado changa. Kata kwa wembe safi, uache kikonyo cha kama sentimita 3.

2. Changanya mboji iliyooza vizuri na mchanga wa mtoni, nusu kwa nusu. Ukiwa na pumba za mpunga zilizochomwa, ongeza kidogo. Udongo wa mfinyanzi mtupu utaozesha mizizi.

3. Chomeka kikonyo tu, jani likiegemea upande. Funika na chupa ya plastiki angavu uliyoikata, uweke kivulini. Mizizi hutoka baada ya kama mwezi 1. Baada ya miezi 2 hadi 3 utaona vimea vidogo chini ya jani. Majani ya vimea yakifika ukubwa wa sarafu, vitenganishe, kila kimoja kwenye kopo dogo lililotobolewa chini. Usikimbilie chungu kikubwa, kwani udongo mwingi hukaa na maji mengi.

4. Weka penye mwanga wa kutosha lakini pasipopigwa na jua kali. Dirisha la upande wa mashariki linafaa, au kibaraza chenye paa. Mimi mwenyewe nilichoma chungu changu cha kwanza kwa kukiweka kwenye ngazi mchana, nikidhani kila ua linataka jua. Kwa siku 2 majani yalikuwa ya kahawia.

5. Mwagilia kwa kuweka kopo ndani ya sahani ya maji kwa nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki. Subiri udongo wa juu ukauke ndipo urudie. Maji baridi yakidondokea majani huacha madoa, kwa hiyo tumia yaliyolala ndani ya nyumba. Maua mengi ya aina hii hufa kwa maji mengi, si kwa kiu.

6. Ondoa majani na maua yaliyonyauka. Ukiona wadudu weupe kama pamba kwenye moyo wa mmea, utenge mmea huo mara moja na uwafute kwa kijiti chenye pamba iliyoloweshwa spiriti. Badilisha udongo mara moja kwa mwaka.

Tangu kuchomeka jani mpaka maua ya kwanza, hesabu miezi 6 hadi 9, pengine zaidi. Likitunzwa linaishi miaka mingi na kuchanua tena na tena.

KUHUSU KUUZA

Sitakudanganya kwamba utajenga nyumba kwa ua hili. Wanunuzi wapo, nao ni nyumba za wageni, ofisi, watalii wanaopanda milimani na watu wa mjini wanaotafuta zawadi. Anza na makopo 10, uone kama yanatoka kabla ya kuongeza. Uza mmea uliokwisha kuchanua, maana mteja hununua anachokiona. Mwambie alikuzwa kwa jani, hakung'olewa, na mweleze namna ya kumwagilia ili usilaumiwe likifa wiki ijayo. Ukimweleza na historia hii ya Tanga na Hannover, bei itazungumzika vizuri zaidi. Hiyo muuzaji wa Ulaya hawezi kuisema kama wewe unayeuona msitu kutoka mlangoni.

Yule kijana, katika majani yale 3, 1 lilioza kwa maji mengi. Mawili yamempa vimea 7. Wiki iliyopita nilipita kibandani kwake, nikavikuta kwenye makopo ya maziwa nyuma ya ndizi, kivulini. Hajauza hata kimoja bado. Anasubiri vichanue.