Mita Yenye Hesabu Mbili

Mwaka 1978 Uingereza ilianza kuwauzia wenye nyumba umeme kwa mpango ulioitwa Economy 7: kwa muda wa saa saba za usiku bei ilishuka, na mchana ikapanda kupita ile ya kawaida. Mita ilibeba hesabu mbili, na swichi ya saa ndiyo iliyoamua uniti ziandikwe wapi. Wengi huuona mpango huo kuwa hisani kwa mteja. Mimi naamini uliookolewa kwanza ni mtambo. Vituo vya makaa ya mawe na vya nyuklia si taa ya kuwasha na kuzima upendavyo. Watu wakilala, umeme wake ulikosa mnunuzi. Ndipo hita zenye matofali ndani zikapewa kazi ya kuhifadhi joto usiku na kulitoa mchana.

Atakayepinga atasema mteja naye alipata nafuu. Ni kweli, kama alikuwa na hita hizo. Lakini aliyepika na kufua mchana alilipa zaidi, na mara nyingi matofali yalikwishapoa jioni, wakati familia inarudi na baridi inauma. Baadaye mita nyingi ziliongozwa kwa mawimbi ya redio kutoka Droitwich, kwenye mitambo ileile iliyorusha matangazo ya BBC. Saa za nafuu zilipangwa na wazalishaji na wasambazaji. Mwenye nyumba hakuwa na kauli.