Shirika la Ndege la Uhabeshi

Mashirika mawili ya ndege yalizaliwa upande huu wa Afrika mara tu Vita Kuu ya Pili ilipokwisha. La kwanza liliundwa Addis Ababa tarehe 21 Desemba, 1945. La pili, ambalo wazee wetu walilijua kwa jina la East African Airways, lilianza kurusha ndege tarehe 1 Januari, 1946, yaani siku kumi na moja baadaye. Hilo la pili lilikufa mwaka wa 1977. La kwanza li hai, na leo ndilo kubwa kupita yote barani. Msomaji wa historia hana budi kuuliza kwa nini, nami nadhani sehemu kubwa ya jibu haiko angani hata kidogo. Imo katika namna Wahabeshi walivyopatana na wageni juu ya kazi yenyewe, na juu ya nani ataishika kesho.

Mfalme Haile Selassie alirejea katika kiti chake mwaka wa 1941, Waitalia walipofukuzwa kwa msaada wa Waingereza. Msaada huo haukuwa wa bure. Waingereza walikaa wakashika mambo mengi ya nchi, na Mfalme hakupenda kutoka katika mkono wa mgeni mmoja na kuingia katika mkono wa mwingine. Basi alipotaka ndege hakuziomba London. Alikwenda kwa Wamarekani, na mwezi wa Septemba 1945 mkataba ukafanywa na shirika lao la TWA: mali iwe ya Uhabeshi, uendeshaji uwe wa TWA. Zikaja ndege tano za aina ya C-47, masalio ya jeshi la Marekani. Abiria walikaa ubavuni katika viti vya turubai, wakitazamana, na mizigo ikafungwa katikati yao. Tarehe 8 Aprili, 1946, safari ya kwanza ilikwenda Cairo kwa njia ya Asmara.

Mtu angaliweza kusema wakati ule kwamba shirika hili ni la Uhabeshi kwa rangi tu, kwa kuwa marubani, mafundi na wakubwa karibu wote walikuwa wageni. Lakini wageni hao walikuwa waalimu pia. Katika miaka ya 1950 na 1960 shule za mafundi na za marubani zilisimama, na mwaka wa 1957 Alemayehu Abebe akawa Mhabeshi wa kwanza kuongoza ndege ya shirika akiwa rubani mkuu. Neno hili rubani, ambalo sisi tumelitoa chomboni tukalipandisha angani, linafaa hapa. Rubani wa pwani hakufanywa kwa cheti. Alikaa miaka mingi karibu na aliyemtangulia, akijifunza miamba na mikondo, hata siku moja akaachiwa chombo. Wahabeshi waliachiwa chombo mwaka wa 1971, Semret Medhane alipokuwa Meneja Mkuu wa kwanza mzalendo. Walikuwa wamengoja zaidi ya robo ya karne.

Shirika letu halikushindwa kwa uhaba wa ndege. Mwaka wa 1960 lilikuwa na Comet zilizokwenda London, na mwaka wa 1966 likapata Super VC10, ndege iliyokuwa fahari ya zama zake. Lakini lilikuwa mali ya nchi kadhaa, na Jumuiya ilipoanza kugombana juu ya madeni na juu ya fedha zisizopelekwa makao makuu Nairobi, ugomvi wa serikali ukawa ugomvi wa shirika. Mitoto yake ikagawanyika kila mmoja kwake. Laiti mafundi na marubani wake wangaliulizwa, sidhani kama wangalichagua hivyo.

Uhabeshi nayo haikuwa na amani. Mfalme aliangushwa mwaka wa 1974, na askari waliotawala baada yake walifuata siasa ya Moscow na kununua silaha huko. Shirika lilipata hasara. Hata hivyo mwaka wa 1980 uongozi ulikabidhiwa Kapteni Mohammed Ahmed, aliyepunguza wafanyakazi na kuliendesha shirika kama biashara. Hapa pana ajabu: serikali hiyohiyo iliyonunua vifaru kwa Warusi iliacha shirika linunue ndege kwa Wamarekani. Boeing 767 ya kwanza ilifika mwezi wa Juni 1984, ikiwa imetoka Washington hadi Addis Ababa bila kutua, maili 7,500 hivi.

Kuja bila kutua ni rahisi kuliko kwenda. Kiwanja cha Bole ki zaidi ya futi 7,600 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, mabawa na injini hupata nguvu haba, na ndege haiwezi kuruka na uzito wote ambao ingeuchukua ikitoka pwani. Kwa sababu hiyo ndege ziendazo Marekani zimezoea kutua njiani kutia mafuta, mara Dublin, mara Lomé. Lakini mlima huohuo umekaa kati ya Afrika ya Magharibi na Asia. Shirika lilianza kwenda China mwaka wa 1973, na leo mfanyabiashara wa Lagos aendaye Guangzhou aweza kubadili ndege Addis Ababa.

Tarehe 10 Machi, 2019, shule ile ya marubani ilitiwa katika mashaka mbele ya dunia. Boeing 737 MAX iliyokuwa ikienda Nairobi ilianguka karibu na Bishoftu, dakika sita baada ya kuruka. Watu wote 157 walikufa, na kati yao Wakenya 32, wengi kuliko wa taifa lingine lolote. Ndege ya aina hiyo ilikuwa imekwisha anguka Indonesia mwezi wa Oktoba 2018; hata hivyo baadhi ya watu huko Marekani walianza kuuliza kama marubani Wahabeshi walifundishwa sawasawa. Wachunguzi wa Uhabeshi walilaumu mtambo wa kompyuta uliosukuma pua ya ndege chini kwa kufuata kipimo kilichokosea. Taarifa yao ya mwisho ilipotoka Desemba 2022, wachunguzi wa Marekani na wa Ufaransa walisema kwamba matendo ya marubani hayakuangaliwa vya kutosha, ingawa wao pia walikubali kwamba mtambo ule ulikuwa sehemu ya sababu. Kwangu mimi jambo zito ni kwamba swali la mafunzo liliulizwa mapema, kabla swali la mtambo halijajibiwa.

Shirika lenyewe halikurudisha aina hiyo angani hata tarehe 1 Februari, 2022, na siku hiyo wakuu wake walikuwa miongoni mwa abiria.