Tingatinga: Marimba Kwanza, Brashi Baadaye

Ukikaa Bunda huwezi kukosa kuyaona magari ya watalii yakielekea lango la Ndabaka, Serengeti. Wengi wao watarudi kwao na picha ya twiga au chui, rangi zinang'aa kama sufuria mpya. Muuzaji atawaambia, hii ni Tingatinga. Basi, jina limekuwa la bidhaa. Lakini lilikuwa la mtu, na mtu huyo alikuwa wa ngoma kabla hajawa wa brashi.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932, Tunduru. Kama vijana wengi wa kusini wa wakati ule, miaka ya 1950 akafunga safari mpaka mashamba ya mkonge ya Tanga. Kutoka hapo akaingia Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumbani kwa Mwingereza. Uhuru ulipokuja kazi ile ikaisha, akabaki kubangaiza, leo hiki kesho kile. Kilichomtambulisha mjini kilikuwa muziki: alipiga marimba na kucheza ngoma za kwao.

Mwaka 1968 hivi ndipo akaanza kuchora. Turubai la msanii hakuwa nalo, akatumia vipande vya bodi za dari na rangi ya kupakia baiskeli. Picha ziliuzwa Morogoro Stores, Oyster Bay, walikokaa wageni wenye fedha. Zilipopata soko akawakalisha ndugu na jamaa pembeni yake, akina Simon Mpata, January Linda na Ajaba Abdallah Mtalia, wakajifunza kwa kumtazama. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi kwa kumdhania mhalifu. Alikuwa na miaka 40 tu, na uchoraji wake ulikuwa na umri wa miaka minne.

Wapo wanaobeza kwamba wanafunzi wake wanarudia picha zilezile. Mimi naona wanaipima kazi hii kwa rula isiyo yake. Kwenye ngoma, kurudia si wizi. Mdundo ni wa wote, na fundi hutambulika kwa kile anachouongezea. Hata kwetu Mara, anayejifunza litungu hukaa karibu na anayejua, anaiga mpaka vidole vizoee, halafu siku moja anaachia kitu chake. Tingatinga alifundisha uchoraji namna hiyohiyo. Aliondoka, na mwaka 1990 wafuasi wake wakaunda chama cha ushirika kwa jina lake.

Kinachoniuma ni marimba. Picha hutundikwa ukutani, ikamsubiri mtazamaji hata miaka hamsini. Mlio usiponaswa unakwenda na mpigaji wake. Miaka minne ya brashi ilimpa jina la dunia nzima. Miaka yote ya ngoma tunaitaja kwa sentensi moja.

Yule mzee wa litungu kijijini kwenu, na simu unayo mkononi, umeshamrekodi?