Uchaguzi wa ringi za pistoni kwa injini za mashindano

Ringi za pistoni, pia pete za pistoni, ni vipande vya chuma vya mviringo vilivyokatwa sehemu moja, vinavyokaa kwenye mifereji ya pistoni na kukaza ukuta wa silinda. Kazi zake ni tatu: kuzuia gesi ya mwako isivujie kwenye sampu, kupitisha joto la pistoni kwenda ukutani, na kukwangua oili isipande juu. Injini ikiongezewa nguvu, kazi hizo hufanyika kwa presha na joto kubwa zaidi. Ndiyo maana uchaguzi wa ringi ni hatua nyeti sana katika kuunda injini ya mashindano.

Historia

Ringi ya chuma yenye mwanya ilibuniwa na mhandisi Mwingereza John Ramsbottom katika miaka ya 1850, kwa ajili ya injini za mvuke.

Muundo

Pistoni nyingi za injini za petroli hubeba ringi tatu. Ya juu haitegemei mkazo wake pekee: gesi huingia nyuma yake kupitia uwazi mdogo wa mfereji na kuisukuma ukutani, hivyo presha ikipanda nayo huziba zaidi. Ya pili, ingawa huhesabiwa kuwa ringi ya kompresheni, kazi yake kubwa ni kukwangua oili; zenye ukingo wa ndoana, aina ya Napier, zinasifika kwa hilo. Ya tatu ni ya oili, kwa kawaida reli mbili nyembamba na springi ya kuzitanua.

Malighafi na upako

Chuma cha kusubu cha kijivu ni nafuu, lakini huvunjika upesi injini inaponoki, yaani mafuta yanapolipuka ovyo ndani ya silinda. Feleji ndiyo imara zaidi na ndiyo chaguo la kawaida kwa turbo; mara nyingi uso wake hugumushwa kwa nitrojeni. Upako wa molibdeni una vitundu vidogo vinavyoshika oili na hustahimili joto kali, hivyo unafaa sana mashindano ya lami. Kwenye vumbi, vitundu hivyohivyo hunasa chembe zinazokwangua silinda. Kromu ni ngumu na nyororo, haishiki vumbi, ila huchelewa kuzoeana na silinda. Ringi ya kromu haifungwi kamwe kwenye silinda iliyopakwa kromu.

Unene

Ringi za juu za zamani zilikuwa na unene wa karibu milimita 2; za sasa ni 1.2, 1.0 au chini ya hapo. Ringi nyembamba ni nyepesi, haitikisiki kwenye mfereji mizunguko inapopanda, na hupunguza msuguano. Haivumilii silinda iliyochongwa ovyo.

Mwanya

Mwanya ni nafasi inayobaki kati ya ncha mbili za ringi ikiwa ndani ya silinda. Ringi ikipata joto hurefuka na mwanya hupungua. Ukizidi, gesi huvuja kidogo. Ukipungua mno, ncha hugongana, ringi hukwaruza silinda na huweza kung'oa kipande cha pistoni. Kwa hiyo ni heri uzidi kidogo kuliko upungue.

Kanuni inayotumika sana ni mwanya wa milimita 0.004 hadi 0.0045 kwa kila milimita ya kipenyo cha silinda kwa injini isiyo na turbo, na takriban 0.006 kwa turbo ya presha kubwa. Mfano mzuri ni 3S-GTE ya Toyota, injini ya lita 2 ya Celica GT-Four, yenye silinda za milimita 86. Kwa kipenyo hicho, injini isiyo na turbo ingehitaji mwanya wa milimita 0.34 hadi 0.39 kwenye ringi ya juu. Turbo iliyoongezwa presha huhitaji karibu 0.52. Tofauti hiyo, isiyofika hata milimita 0.2, huweza kuamua kama injini itamaliza mashindano. Maelekezo ya mtengenezaji wa pistoni hutangulia kanuni yoyote, kwa kuwa aloi ya pistoni na mahali ringi ilipokaa hubadilisha joto linaloifikia.

Ringi ya pili huachiwa mwanya mkubwa kidogo kuliko ya juu, ili gesi iliyopenya kati yao ipate pa kutokea. Ikinaswa hapo, huinua ringi ya juu na kuharibu uzibaji wake.

Ufungaji

Ncha hupigwa tupa kidogokidogo na mwanya hupimwa kwa fila geji, ringi ikiwa imenyooka ndani ya silinda yake yenyewe. Alama huelekea juu, na mianya haipangwi mstari mmoja.

Katika rali

Celica GT-Four ilishinda Safari Rally, rali ya Kenya inayojulikana kwa vumbi, mwaka 1990 ikiendeshwa na Björn Waldegård. Celica za kizazi kilichofuata zilishinda mfululizo 1992 hadi 1995, na mshindi wa 1994 alikuwa Mkenya Ian Duncan. Mashindano hayo mashuhuri yalirudi kwenye ubingwa wa dunia wa rali mwaka 2021. Kwa gari la turbo linalokimbia kwenye vumbi la namna hiyo, chaguo la busara ni ringi za kromu au za feleji iliyogumushwa, mwanya wa turbo, na chujio la hewa lisilovuja.