Daftari la Wafu katika Nchi ya Dhahabu

Mtu akifa katika Usukuma, kilio na kaburi hutangulia. Lakini kabla matanga hayajaondoka, swali huwa limekwisha kuulizwa: ni nini kilichomwua? Swali hilo ni la kale kuliko serikali yo yote iliyopata kutawala Shinyanga. Jibu lake lilitafutwa kwa wazee na kwa waganga wa ramli. Serikali za kigeni zilipofika, ya Wajerumani na kisha ya Waingereza, zilileta jibu la namna nyingine, yaani daktari, hakimu na karatasi. Tangu hapo majibu hayo mawili yamekaa katika nyumba moja, mara nyingi pasipo kusikilizana.

Karatasi yenyewe ilikuja na ubaguzi. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ya mwaka 1920 iliwalazimisha Wazungu, na baadaye watu wa asili ya Asia, Mwafrika hakulazimishwa. Kwa hiyo machimbo ya Geita yaliposhamiri katika miaka ya 1930, kifo cha meneja wa Kizungu kilikuwa jambo la daftari, na kifo cha mpasua miamba kilikuwa jambo la jamaa zake. Machimbo hayo yalifungwa mwaka 1966, na machimbo makubwa ya kampuni yakafunguliwa tena mwaka 2000. Kati ya tarehe hizo, na hata baada yake, dhahabu ilifuatwa na wachimbaji wadogo kwa sururu, kamba na tochi, nao wengi waliingia mashimoni bila jina lao kuandikwa mahali po pote.

Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 ilikusudia kuziba pengo hilo. Kifo cha ghafula, cha ajali, cha jeuri au cha kizuizini kipelekwe polisi. Korona, ambaye kwa kawaida ni hakimu, achunguze. Daktari aupasue mwili ikihitajika. Ni sheria njema. Lakini inataka awepo mtu wa kutoa habari, na daktari aliye karibu, na jamaa walio tayari kungoja kuzika. Katika kijiji kilicho mbali na hospitali ya wilaya, mambo hayo matatu hayakutani kila siku.

Hasara ya kutojua sababu ya kifo haikuwa ndogo. Msomi Simeon Mesaki, aliyechunguza mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi, alionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 Tanzania Bara ilipata matukio 3,333, na watu 3,693 wakapoteza maisha. Sehemu kubwa ilikuwa Usukuma, na wengi wa waliouawa walikuwa wanawake. Ajuza mwenye macho mekundu, wekundu uliotokana na moshi wa kuni na wa samadi mekoni, alidhaniwa kuwa ndiye aliyemla kijana wa jirani. Kijana huyo labda aliuawa na malaria, au kifua kikuu, au vumbi la mwamba lililokwisha kuyageuza mapafu yake kuwa jiwe. Kifo kimoja kisichotambuliwa kilizaa cha pili. Ni vigumu kupata hoja iliyo nzito kuliko hiyo ya kumtetea mpasuaji wa maiti, ambaye watu humwogopa bure.

Palipokosekana mpasuaji, palitafutwa njia nyingine. Tangu mwaka 1992, katika Hai, Morogoro na Dar es Salaam, wahoji waliwaendea wafiwa na kuwauliza kwa utaratibu: homa ilianza lini, alikohoa, alivimba, alipumuaje? Madaktari wakasoma majibu na kukadiria sababu. Huko Kisesa, karibu na Mwanza, jamii moja imefuatwa tangu mwaka 1994, nyumba kwa nyumba, hasa kwa ajili ya ukimwi. Siri ya kazi ya Kisesa haimo katika maswali ya msiba. Imo katika kwamba walio hai waliandikwa kwanza. Mtu akikosekana katika duru inayofuata, hujulikana kuwa amekosekana.

Mashimoni hapakuwa na orodha hiyo. Mwaka 1996 ilidaiwa kwamba wachimbaji wadogo walifukiwa hai Bulyanhulu, wilaya ya Kahama, eneo lilipokuwa likikabidhiwa kampuni. Serikali na kampuni wakakanusha. Wanasheria wa mazingira wakadai uchunguzi huru. Mkaguzi wa Benki ya Dunia akaandika mwaka 2002 kwamba hakuona msingi wa madai hayo. Ubishi ulidumu miaka mingi, na haukuwa na kitu cha kuukata, kwa kuwa hapakuwa na daftari la walioshuka asubuhi ili lilinganishwe na la waliopanda jioni. Kinyume chake kilitokea Nyangalata, Kahama hiyo hiyo, mwaka 2015. Shimo liliporomoka mwezi wa Oktoba, na watu wakadhaniwa wamekufa. Baada ya siku 41 watano walitolewa wakiwa hai. Walikuwa wameishi kwa mende, vyura na mizizi, na maji yaliyodondoka mwambani. Mwenzao mmoja alikuwa amekufa humo chini.

Heroini ni mgeni katika habari hizi, na ina hila zaidi ya mwamba. Iliingia kwa njia ya pwani, nayo huua kwa kuizima pumzi: mboni hupungua kama tundu la sindano, povu hutoka kinywani, mtu huonekana amelala. Jamaa husema ni kifafa, au moyo, au amelogwa. Hata Marekani, ambako zaidi ya watu 107,000 walikufa kwa dawa zilizozidi kipimo katika mwaka 2022, vyeti vingi kwa miaka mingi havikutaja ni dawa ipi iliyoua.

Tanzania ilifungua kliniki ya methadoni Muhimbili mwaka 2011, na huduma hiyo baadaye ikafika Mwanza. Huko mgonjwa hunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu, na jina lake hutiwa alama. Asipofika, yupo wa kuuliza. Yule asiyeandikwa kliniki, akifia katika kibanda cha machimboni, hutegemea damu na mkojo wake vipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, mwenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Mkojo ndio hupambanua vema: mofini peke yake yaweza kuwa imetoka katika dawa ya hospitali, lakini chembe ya monoasetilimofini huitaja heroini. Sampuli hiyo haina budi kuchukuliwa kabla ya mazishi. Baada yake hubaki kulifukua kaburi, nalo halifukuliwi ila kwa amri ya korona.