Kutoka Giheta hadi Kobero: Mawe ya Ukumbusho Njiani Kwetu

Wewe wa Ngara, wa Uvira, wa Kigali, wa Kampala, na wewe wa hapa nyumbani Gitega na Muyinga, nakusalimu. Unakumbuka Yoshua sura ya 4? Israeli walipovuka Yordani waliagizwa kubeba mawe 12 kutoka mtoni, ili watoto wakiuliza siku moja, wazazi wawe na la kuwajibu. Sasa watoto wetu wanauliza. Je, jibu tunalo?

Twende pamoja Giheta, jirani na mji wa Gitega. Ni nchi ya vilima: juu nyumba na migomba, chini mabonde ya maharagwe na viazi, na kahawa katikati. Mto Ruvyironza unapita pande hizi, unaingia Ruvubu, na Ruvubu inakwenda mpaka Muyinga, inavuka kuingia Tanzania, inakuwa Kagera, inamwaga Ziwa Viktoria. Kutoka huko ni Nile mpaka Misri. Basi mvua inayonyesha Giheta haiulizi pasipoti. Ushirika wetu nao ni hivyo hivyo.

Ukitoka Gitega kama kilomita 7 hivi unafika kilima cha Gishora. Hapo Mwami Mwezi Gisabo aliweka makao baada ya kumshinda chifu mwasi Ntibirangwa. Ngoma mbili za pale zina majina, Ruciteme na Murimirwa, na majina hayo yanahusu kufyeka pori na kulima. Kwa Kirundi neno ingoma ni ngoma, na ni ufalme pia. Mwaka 2014 UNESCO iliandika ngoma ya Burundi katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Najua wapendwa wengi tulifundishwa kupita pale bila kugeuza shingo. Mimi sikwambii uabudu ngoma, hasha! Nakwambia ujue babu zako walifyeka pori gani hata wewe ukapata shamba.

Mwezi alitia sahihi mkataba na Wajerumani Kiganda mwaka 1903, akafa 1908. Mwaka 1912 Wajerumani wakahamisha makao yao kutoka Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, wakayaleta Gitega. Mwaka 1916 wakaja Wabelgiji. Kumbe mambo ya mwaka 2019, Gitega ilipofanywa mji mkuu wa kisiasa, si mapya sana! Ila sasa mji unapanda vilima. Vijana wanauza shamba la baba, wananunua pikipiki, na pikipiki ikiharibika hakuna shamba wala pikipiki. Fikiri kabla hujaweka sahihi.

Sasa Kibimba, kwenye barabara ya Bujumbura. Wamisionari Wajerumani wa Neukirchen walianza kazi pale, vita vya kwanza vya dunia vikaizima. Mwaka 1934 Kanisa la Marafiki kutoka Marekani, hao tunaowaita Waquaker, wakaifungua tena. Mwaka uliofuata, 1935, Wapentekoste wa Sweden, ambao tayari walikuwa na kazi upande wa Uvira, wakafungua misheni Kiremba, kusini mwa nchi. Unaona? Injili yetu ilivuka mpaka kabla sisi hatujazaliwa.

Lakini Kibimba ina jiwe lingine, zito. Oktoba 1993, baada ya Rais Ndadaye kuuawa, wanafunzi wa shule ya pale waliteketezwa kwa moto. Leo kuna mnara wa ukumbusho barabarani. Mimi nimepita hapo miaka mingi nikienda kuhubiri, Biblia mkononi, na sikusimama hata mara moja. Niliogopa. Nilijiambia kazi yangu ni wokovu, si siasa. Siku niliyosimama nilikosa hata maneno ya kuomba. Wenye imani wa Kibimba walitutangulia: kabla vita havijaisha, watu wa pande zote mbili walikaa pamoja katika kamati ya amani. Hiyo ni injili yenye miguu.

Wengine mwaka ule walishika njia ya Karuzi na Muyinga, wakavuka Kobero, kama wengine walivyokimbia mwaka 1972. Ngara iliwapokea, na kambi ya Lukole ikawa nyumbani kwa miaka. Ndugu wa Ngara, asanteni. Kiswahili tunachoimbia leo, wengi wetu tulikikomalia huko kwenu. Leo Kobero malori yanapita mchana na usiku. Ramani nayo imebadilika: tangu 2025 mikoa 18 imekuwa 5, na Muyinga imo Buhumuza. Majina ya mikoa yanabadilika, ila watu na vilima ni vile vile.

Kwa hiyo nakuomba neno moja katika mwaka huu wa shukrani. Kabla mama mzee wa kanisani kwenu hajalala, kaa naye na daftari. Muulize alikimbilia wapi, nani alimficha, nani alimfukuza, na alisamehe vipi. Andika yote, hata yale yanayotuaibisha sisi tuliookoka. Maana mtoto akiuliza mawe haya maana yake nini, tukinyamaza, mtu mwingine atamjibu kwa chuki.

Mungu awabariki, na awalinde mipakani mwote.